Sifa za Pampu ya Oili

Wapo walioimba farasi, wapo walioimba majahazi, na Lucian wa Samosata, Mshamu wa kale aliyeandika kwa Kigiriki, alikaa kitako akamsifu nzi. Basi na mimi sioni haya kuisifu pampu ya mkono ya kuvutia oili chafu kwenye mashine ya chombo: kitu kifupi, chenye grisi, kinachovuja juu na chini, makazi yake ngamani pamoja na spana zenye kutu na vipande vya nyavu. Kutoka Palma hadi Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, na kusini zaidi visiwani Matemo na Ibo, chombo chenye mashine ya ndani kinaishi kwa fadhila zake au za jamaa yake fulani. Watu wametungiwa mashairi kwa mema madogo kuliko hayo.

Wenye mashine za kuning'iniza nyuma, zile ambazo oili yake huchanganywa na petroli, hawatanielewa. Kwao oili inaungua, inatoka moshi, hadithi imekwisha. Wanajiona wamesalimika, kumbe wamenyimwa elimu.

Elimu yenyewe inaanzia kwenye dhiki. Gari lina bahati yake: fundi analala chini, analegeza nati ya sampo, oili inashuka ndani ya beseni. Mashine ya chombo imekalishwa juu ya mkuku, katikati ya mataruma, na nati yake ya kumwagia oili imeelekea mbao. Baina ya nati na mbao haupenyi mkono, seuze beseni. Hata bamvua likikausha pwani nzima, chombo kikalala mchangani ukaweza kukizunguka kwa miguu, hujasaidika kitu, kwa sababu nati iko ndani na wewe uko nje. Tena chombo kilicholala ubavu kimeikusanya oili upande mmoja, na kijiti cha kupimia kitakudanganya bila kupepesa macho. Wala usifikirie kuishusha kwa mpira kama petroli ya tangini. Oili ingehitaji kushukia mahali palipo chini ya sampo. Chini ya sampo kuna mkuku, na chini ya mkuku kuna Bahari ya Hindi. Na anayetia mdomo kwenye mpira wa oili iliyokwisha kuungua anatafuta maradhi kwa bidii.

Pampu haibishani na lolote katika hayo. Inachomolewa kijiti cha kupimia, unapenyezwa mpira mwembamba katika tundu lilelile mpaka uguse chini, na kazi inaanza. Waliounda mashine walifunga mlango mkubwa. Pampu imepita dirishani, na haikumlaumu mtu.

Sasa niusifu uvivu wake, maana ndio unaotukanwa zaidi. Kijana mwenye nguvu huishika pampu akaivuta kama anayepandisha nanga, na oili inampanda taratibu vilevile, kidogo kidogo, kwa heshima zake. "Polepole, mwanangu," humwambia nahodha. "Naona haitaki, baba." Inataka, ila haitaki kuamrishwa. Mafundi wa visima wa Italia walikutana na kiburi hichohicho zamani: pampu zao za kuvuta zilikataa kupandisha maji zaidi ya mita 10 hivi, hata wangefanyaje. Katika miaka ya 1640 Evangelista Torricelli akaeleza sababu. Pampu haivuti kitu. Inatengeneza ombwe tu, na uzito wa hewa iliyo juu yetu ndio unaosukuma kilichomo kipande. Hewa hiyo ni ileile Palma na Florence, kwa bwana na kwa mtumwa, na misuli ya kijana haiiongezei hata chembe. Chombo cha kawaida hakihitaji kupandisha oili hata mita mbili, kwa hiyo urefu si tatizo. Tatizo ni uzito wa oili na wembamba wa mpira.

Hapa nasimama kidogo, kwa kuwa wanunuzi wengi hugombana juu ya pampu wakausahau mpira. Upana wa ndani wa mpira ukiwa mara mbili, mengine yote yakibaki sawa, oili ipitayo kwa muda uleule haizidi mara mbili, bali mara 16. Anayenunua pampu ghali kisha akaifunga mpira uliopatikana tu, amenunua mpira uliopatikana tu. Chukua mnene kuliko yote itakayopenya tundu la kijiti, na mgumu kiasi usijibane ukivutwa. Halafu iwashe mashine dakika kumi kabla ya kazi. Oili baridi haitoki. Oili ya moto sana inaunguza mkono na kulainisha plastiki. Ikiwa vuguvugu inakuja, na taka zilizotulia chini zinakuja nayo.

Kuhusu wapinzani wa pampu yangu nitasema kwa ufupi, wasije wakajiona. Ile ya umeme wa volti 12 ni mwanamke mzuri wa mjini: atakuja, lakini utamweka wapi? Mashine nyingi ndogo za dizeli za silinda moja huwashwa kwa hendeli, hazina betri hata ya kuwasha taa. Mwenye betri naye aangalie ndani yake kuna nini. Pampu za maji zina mapanga ya mpira wa kawaida, na mpira huo ukikutana na oili huvimba ukakwama. Unaotakiwa ni wa naitrili, au meno ya chuma. Muuzaji asiyejua tofauti hiyo atakuuzia pampu ya kufulia maji na kukuapia. Kuna pia dumu la ombwe: unalipiga mara kadhaa, linajaa utupu, kisha linanyonya lenyewe na wewe ukaenda kunywa chai. Nakiri ni kitu kizuri. Linazuia kumwagika, na uchafu unabaki mlemle ndani. Lakini ni pana, na ngama ya mashua si bohari; na mtu aliyekwenda kunywa chai haioni oili inavyotoka.

Kuiona ni nusu ya faida. Pampu ya mkono inakulazimisha kukodolea macho mpira dakika zote hizo. Oili nyeusi isikutishe, dizeli huisawidi upesi. Ikitoka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia mashineni, na bora uyajue ukiwa umefunga kamba gatini kuliko ukiwa nje ya Ibo, kusi limekaza. Ikitoka inanuka dizeli na ni nyepesi kama maji, kuna kinachovujisha mafuta. Vitabu vya mashine hizi mara nyingi huagiza oili ibadilishwe kila saa 100 hadi 250. Havisemi kwamba siku hiyo ndiyo pekee mashine hufungua tumbo lake ikasomwa.

Pwani hii ina sababu ya kuijali kazi hiyo ndogo. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 viliifanya barabara ya N380 kuwa ya kuogofya, na shehena na watu wakahamia baharini. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu walikimbilia mji wa Pemba, zaidi ya kilomita 200 kusini, wengi wao kwa vyombo vya baharini vya kila namna. Mashine iliyokataa kuwaka siku zile ilikataa kwa sababu zake, na baadhi ya sababu hizo huanza miezi mingi nyuma, siku ambayo mtu alisema oili hii itavumilia safari moja zaidi.

Pampu ina ukarimu pia. Haichukui vyote, daima hubakiza kidogo chini ya sampo, nayo yenyewe huhifadhi vijiko viwili tumboni mwake kwa ajili ya baadaye. Baadaye huwa ni Ijumaa, na vijiko hivyo hutua juu ya kanzu. Katika hili haibagui: nahodha, fundi na kijana wa kazi wote hutoka na mikono ileile, na sabuni haijui nani kati yao ana chombo.

Kisha dumu linajaa, na hapo ndipo tabia ya mtu hujulikana. Oili iliyo dumuni ina mwenyewe. Iliyomwagwa ngamani ikafuliwa baharini usiku inakwenda mikokoni na kwenye miamba ambako wanawake wanaokota kombe maji yakitoka. Mbuga ya Taifa ya Quirimbas ilitangazwa mwaka 2002, na sehemu yake ni bahari hiyohiyo. Wazee walipaka vyombo vyao sifa ya papa ndani, na chokaa iliyokandwa na shahamu nje, vitu vilivyotoka kwa viumbe na kurudi kwa viumbe. Oili ya mashine haina tabia hiyo. Walau wenye nguzo za nyumba huiomba wapake dhidi ya mchwa, na dumu lililofungwa vizuri hupata mteja kabla ya jua kuzama.

Aliyeshawishika akitafuta ya kwake Pemba, au ng'ambo ya Ruvuma huko Mtwara, asitazame rangi. Shaba hushinda plastiki, ikiwa pete za mpira zilizo ndani zinabadilishika. Ziba tundu la kunyonyea kwa kidole gumba, vuta mpini mpaka mwisho, kisha uachie. Pampu nzima itakibana kidole na mpini utarudi wenyewe kwa kishindo. Mbovu itapumua tu. Muuzaji atalalamika kwamba unamchafulia bidhaa. Mwambie bado hata haijaanza kuchafuka.