Kuvuka Mto Adui Akikutazama: Makosa Saba, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Kwenye ramani mto ni mstari wa buluu tu. Hauna tope wala mkondo, na ng'ambo hakuna mtu aliyekulenga bunduki. Ndiyo maana mtu akiketi kwenye zoezi la vita vya zamani, akapewa mto avuke, huanza na kidole. Anakisukuma moja kwa moja hadi ukingo wa pili, halafu anamtazama refa akisubiri kupigiwa makofi.

Mazoezi haya ni ya siku nyingi. Mwaka 1824 luteni mmoja wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliwapelekea wakubwa wake mchezo wa ramani. Ulikuwa na vipande vya buluu na vyekundu vya majeshi mawili, dadu za kuamua bahati, na refa katikati mwenye mamlaka ya kukuzamisha bila kukuomba radhi. Tangu hapo maofisa wamekuwa wakizama mezani, na gharama yake ni ndogo kuliko kuzama Danube. Makosa yao ni yaleyale. Naanza na la kuchekesha, namalizia na lile linalozaa mengine mengi: kumwacha adui ajue utavukia wapi kabla hujalowesha hata kiatu.

7. "Daraja si lipo? Tupite."

Stirling, Uskoti, 11 Septemba 1297. Waingereza wanataka kuvuka Mto Forth, na William Wallace na Andrew Moray wamekaa juu ya kilima wanawatazama. Daraja ni la mbao, linapitisha farasi wawili sambamba. Alfajiri askari wanaanza kuvuka, kisha wanaitwa warudi. Kulikoni? Kamanda mkuu, Earl wa Surrey, bado amelala. Naam, amelala.

Anapoamka, askari mmoja mzoefu, Richard Lundie, anatoa wazo la maana: jirani hapo pana mahali maji ni mafupi, watu 60 wanavuka sambamba, nipeni kikosi niwatokee hawa jamaa kwa nyuma. Mweka hazina, Hugh de Cressingham, anakataa. Vita hivi vimeshakula fedha nyingi za mfalme, tumalize. Ukiona mhasibu ndiye anayechagua njia ya kuingilia vitani, jua kuna msiba.

Wallace hakuwa na haraka. Aliwaacha wavuke idadi anayoimudu, kisha akashuka na kuziba mdomo wa daraja. Waliovuka wakakosa njia ya kurudi. Waliobaki upande wa pili wakawa watazamaji, kama abiria walioachwa na pantoni. Cressingham aliuawa na maiti yake ikachunwa ngozi. Mwandishi mmoja wa zama hizo anadai Wallace alijitengenezea mshipi wa upanga kwa ngozi hiyo. Hakuna mkaguzi wa hesabu aliyewahi kuwa mkali kiasi hicho.

6. "Boti zipo njiani."

Sote tunamjua mtu anayesema yupo njiani huku anatafuta soksi. Mwaka 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Jenerali Ambrose Burnside alipanga kuvuka Mto Rappahannock pale Fredericksburg, Virginia. Wazo lake lilikuwa zuri, tena lilikwenda haraka. Vikosi vya mbele vilifika mtoni tarehe 17 Novemba, na mji wa ng'ambo ulikuwa na walinzi wachache tu. Kilichokosekana ni boti za kuundia daraja. Amri zilichelewa, mikokoteni ikakwama kwenye matope, na kila ofisi ikaamini ofisi nyingine inalishughulikia. Boti za kwanza zilipotia mguu, wiki nzima ilikuwa imekwenda. Daraja lenyewe lilianza kutandikwa tarehe 11 Desemba, na Jenerali Lee, mpinzani wake, alikuwa ameshahamia na jeshi lake zima.

Hapo ndipo wahandisi walipojaribu kuunganisha boti mbele ya askari wa Mississippi waliojificha kwenye vyumba vya chini vya nyumba za mjini. Kila fundi akiinua ubao, risasi. Mizinga zaidi ya 100 ikaupiga mji, moshi ulipopungua wadunguzi wakachungulia tena. Mwishowe mtu mmoja akauliza swali lililopaswa kuulizwa asubuhi: hizi boti, si tunaweza kuzipanda tu? Askari wa Michigan na Massachusetts wakazipiga kasia, wakashika ukingo wa ng'ambo, na daraja likaendelea. Siku mbili baadaye walipopanda kilima ambacho Lee alikuwa amekipamba kwa muda wote huo, upande wao ulipata hasara ya watu zaidi ya 12,000, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea.

Ukiwa mezani, usimwulize mchezaji ana boti ngapi. Mwulize ziko wapi sasa hivi, na nani kasaini.

5. "Mto wenyewe mwembamba!"

Italia, Januari 1944. Ramani za Wamarekani ziliuita Rapido, ingawa sehemu ile wenyeji wanauita Gari, na kweli hakuna gari lililovuka. Upana wake ni mita 8 hadi 15, yaani unaweza kumrushia mwenzako chungwa akalidaka. Lakini kina chake ni kama mita tatu, mkondo unakimbia, maji ni ya barafu na kingo zimesimama wima. Kabla hujaufikia kuna tambarare ya matope iliyotegwa mabomu. Divisheni ya 36, watu wa Texas, iliambiwa ibebe boti zake mgongoni kupita humo, usiku, kwenye ukungu. Boti nyingi zilitobolewa kabla hazijagusa maji. Ndani ya siku mbili walipoteza watu 1,681, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Kamanda wao, Jenerali Fred Walker, alikuwa ameandika mashaka yake mapema kwenye shajara. Shajara ni mahali pazuri pa kuandikia mashaka, ila haisomwi na mkubwa wako.

Baada ya vita Bunge la Marekani lilifanya uchunguzi. Hakuna jenerali aliyetiwa hatiani, na mto nao haukuitwa kutoa ushahidi.

4. Kumsahau anayekaa mto wa juu

Hili ni fupi. Mei 1809 Napoleon alivuka Danube karibu na Vienna kwa daraja la boti, likipitia kisiwa cha Lobau. Mto ulikuwa unajaa kwa theluji iliyoyeyuka, na Waaustria walikuwa sehemu yake ya juu. Wakaachia magogo, mashua nzito, hata vinu vya kusagia vinavyoelea, vingine vikiwaka moto. Daraja likakatika, likaungwa, likakatika tena, jeshi likiwa nusu huku nusu kule. Napoleon akashindwa Aspern na Essling, jambo ambalo Ulaya ilikuwa imelisahau kwamba linawezekana.

Ila sifa yake mpeni: alijifunza. Kwa wiki sita aligeuza Lobau kuwa ngome, akapigilia nguzo mtoni kuzuia vitu vinavyoelea, akatandika madaraja mengi badala ya moja. Usiku wa tarehe 4 Julai, mvua ya radi ikinyesha, akavukia upande ambao Waaustria hawakuukodolea macho. Safari hii alishinda, pale Wagram.

3. Kosa la yule wa ng'ambo

Tusimcheke anayevuka peke yake. Anayelinda naye ana kazi ndogo kuliko zote, kulivunja daraja, na hata hiyo huiharibu. Remagen, 7 Machi 1945: Wajerumani walilipua daraja la reli juu ya Rhine, likainuka kidogo, kisha likakaa palepale kama halikusikia. Baruti ilikuwa haba na dhaifu. Wamarekani wakalipita mbio. Hitler alikasirika, na maofisa wanne wakapigwa risasi kwa kosa hilo. Siku kumi baadaye, tarehe 17, daraja likaanguka lenyewe, likaua wahandisi wa Kimarekani waliokuwa wakilitengeneza.

Kwetu huku tuna la Kyaka. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Amin alitangaza kwamba mto ndio mpaka mpya, na ukishatangaza hivyo daraja linakuwa fedheha. Ndege zilishindwa kulivunja. Mwishowe akaitwa mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe, na tarehe 3 Novemba likaanguka. Kazi safi, tofauti na ile ya Remagen. Tatizo ni kwamba wakiisha kulivunja walifanya kama mto umefungwa kwa kufuli. JWTZ, jeshi la Tanzania, ilitandika daraja la muda, ikavuka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Daraja likivunjwa pasipo watu wa kuulinda ukingo, adui anapata usumbufu wa wiki kadhaa tu.

2. "Hii mizigo mizito, choma."

Novemba 1812 Napoleon anarudi kutoka Moscow. Huko Orsha, ili kupunguza mzigo, anaamuru vifaa vya kuundia madaraja vichomwe. Baridi ilikuwa kali, na mito ikiganda daraja la nini? Siku chache baadaye theluji ikalegea, na mbele yake Mto Berezina ukawa unatiririka, vipande vya barafu vikielea. Warusi wako ng'ambo, Warusi wako nyuma.

Jeshi liliokolewa na ubishi wa mzee mmoja. Jenerali Jean-Baptiste Eblé alikuwa ameficha tanuri mbili za mhunzi, makaa na mikokoteni sita ya zana. Kila mkuu wa stoo anamjua mtu wa aina hii, yule anayesema hii tusitupe, na anayechekwa. Wakati kikosi kingine kinapiga kelele kusini kumvuta kamanda wa Kirusi, watu wa Eblé walibomoa nyumba za kijiji cha Studienka, wakapata mbao, wakafua misumari, wakaingia kwenye maji ya barafu hadi kifuani kusimamisha vigogo. Wakajenga madaraja mawili. Lile la mizinga lilivunjika mara kadhaa, na kila mara walirudi majini kulishona. Wengi wao hawakumaliza majira yale ya baridi, na Eblé mwenyewe alifariki mwezi Desemba.

Mwisho wake hauna utani. Asubuhi ya tarehe 29 madaraja yalichomwa ili Warusi wasifuate, na maelfu ya waliokuwa wakijikokota nyuma, wakiwemo wanawake na watoto, walibaki upande wa pili. Usiku wa mwisho madaraja yalikuwa wazi na waliitwa wavuke. Wengi walikaa kwenye moto wao, wakasema kesho.

1. Kumwambia adui ni wapi

Mwaka 326 Kabla ya Kristo, Aleksanda Mkuu alifika Mto Hydaspes, ambao leo ni Jhelum, nchini Pakistan. Mto ulikuwa umefura. Ng'ambo alikuwa Mfalme Porus na tembo wake, na farasi wa Aleksanda walikuwa hawataki hata kuwasikia tembo, sembuse kupanda ukingo mbele yao.

Basi akaanza kuzuga. Kila usiku wapanda farasi wake walikimbia huku na huku ukingoni, wakipiga kelele za vita na kupuliza baragumu. Porus akawa anawafuata sambamba na tembo, usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuna aliyevuka. Mchana Aleksanda akawa anapokea shehena za nafaka mbele ya macho ya watu, kana kwamba atangoja hadi maji yapungue. Mwishowe Porus akachoka kukimbizana na kelele, akabaki kambini. Tembo nao nadhani walishukuru.

Hila hii haijazeeka. Novemba 1917 pale Ngomano, kwenye Mto Ruvuma, Wareno waliukodolea macho upande wa kaskazini mizinga ilikokuwa ikilia, huku askari wa kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, wakiwa wamekwisha vukia juu zaidi bila kuonekana. Waliwatokea kwa nyuma, na waliondoka na bunduki na risasi za Wareno za kuendeleza vita mwaka mzima.

Turudi Hydaspes. Aleksanda alimwacha Craterus kambini na moto wote ukiwaka, akiwa na amri ya masharti: Porus akiondoka na tembo wote, vuka, akibakiza hata baadhi, kaa hapohapo. Yeye mwenyewe akapanda mto karibu kilometa 27, hadi penye kisiwa cha miti cha kujificha. Boti zilikuwa zimekatwa vipande kwenye Mto Indus, zikabebwa nchi kavu, zikaungwa upya msituni. Ngozi zilijazwa majani makavu ziwe maboya. Usiku ule radi na mvua zikafunika kelele zote. Wakavuka, wakashuka, wakajipanga, wakagundua kwamba wameshuka kwenye kisiwa kingine.

Ndiyo. Hila zote zile, na upelelezi ukakosea ukingo. Ikabidi watafute pa kuvukia tena, askari maji kifuani, farasi vichwa tu juu. Waliokolewa na jambo moja: Porus alikuwa mbali, na kufikia muda ule hakuwa na uhakika kelele ipi ni ya kweli. Alimtuma mwanawe na magari ya vita 120, yakakwama kwenye tope la mvua ileile, na kijana akauawa. Porus alipofika na tembo, aliowakuta walikuwa tayari nchi kavu.

Baada ya ushindi Aleksanda alianzisha miji miwili mahali pale. Mmoja, Nicaea, aliupa jina la ushindi. Wa pili, Bucephala, aliupa jina la farasi wake aliyekufa. Waliobeba boti vipande vipande kutoka Indus hawakupata hata kichochoro.