Saa Nane, Shapu

Waingereza wana neno lao, sharp, nao wamelitwika mizigo kama punda wa Lamu. Kisu ni sharp, kona ya barabara ni sharp, jibini ya cheddar iliyokaa ghalani miezi na miezi ni sharp, na noti ya muziki ikipandishwa nusu toni, sharp hiyo hiyo. Aliyependeza kwa suti ni sharp. Ila mbinu za wakili zikiitwa sharp, ficha hati ya shamba. Thackeray alimbandika jina hilo Becky, yule mjanja wa riwaya yake Vanity Fair (1847–48), na msomaji akawa ameshaonywa.

Likaja kutua kwenye kadi zetu za harusi: “Saa 8:00 mchana, shapu.” Hapo makali yakaisha. Saa nane mpambaji bado yuko juu ya ngazi anafunga vitambaa, MC anapuliza maikrofoni, bibi harusi yuko saluni na nywele nusu kichwa. Aliyefika shapu ni mpiga picha mmoja, naye alikuwa amekosea ukumbi.

Wanakamati, kama shughuli ni ya saa kumi na mbili, andikeni saa kumi na mbili. Tutakuja.