Waraka wa Wazi kwa Waheshimiwa Wenye Dhamana ya Ukame

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa nchi za Pembe ya Afrika, wenye dhamana ya kilimo, mifugo, maji na hazina.

Waheshimiwa,

Napenda kutanguliza shukrani, kwa kuwa nimezingatia mambo kwa makini nikaona kwamba miongoni mwa viumbe wote wanaoadhibiwa na ukame katika nchi zetu, hakuna walioadhibika kuliko nyinyi: mfugaji wa Mandera huusubiri ukame pale pale alipozaliwa mpaka umfikie, ilhali nyinyi hulazimika kuufuata Nairobi, Abidjan, Sharm el-Sheikh na Riyadh, mkaujadili mchana na kula nao chakula cha jioni, na hamjapata kurejea mikono mitupu, maana kila safari hutuletea azimio.

Wala asidhani mtu kwamba nadharau ilimu. Tangu mwaka 1989 kimekuwapo Nairobi kituo cha kuangalia ukame, ambacho leo ni cha jumuiya yenu ya IGAD, na tangu 1998 wataalamu wa hali ya hewa wa nchi zetu hukutana kabla ya misimu ya mvua, wakaweka pamoja vipimo vyao na kutoa utabiri mmoja kwa eneo zima, kwani mawingu hayana habari ya mipaka tuliyochorewa. Kazi hiyo ni adhimu, na wenye kuifanya ni watu waaminifu, ambao wanapokuwa na yakini husema, na wanapokuwa na shaka huitaja shaka yao kwa asilimia. Mzaha, Waheshimiwa, huanza pale karatasi yao inapoondoka mikononi mwao ikaingia katika saraka zenu.

Tukumbushane mfano mmoja. Mnamo Agosti 2010 tahadhari ilikwisha kutolewa kwamba, kwa sababu ya kupoa kwa maji ya bahari ya Pasifiki, mvua za mwisho wa mwaka zingeadimika upande wa mashariki wa Pembe. Na tahadhari hiyo ikakaririwa mwezi baada ya mwezi. Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ukatangaza baa la njaa katika sehemu za kusini mwa Somalia, Bakool na Shabelle ya Chini, na hapo ndipo mikoba ya dunia ilipoanza kufunguka kwa kishindo. Waliofanya hesabu baadaye walikadiria kwamba watu wapatao 258,000 waliangamia baina ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, na nusu yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Najua mtaniambia kwamba vita vilikuwapo, na kwamba wenye silaha walizuia misaada isipite. Nami naikubali hoja hiyo kwa moyo mkunjufu, ila nakumbusha kwamba vita havikumzuia mtu yeyote kusoma. Lakini pengine kosa ni letu sisi tusioelewa taratibu za fedha, ambazo hazimruhusu mwenye busara kutoa kitu kwa sababu ameambiwa kwamba ng'ombe atakufa. Sharti ng'ombe afe kwanza, kisha apigwe picha.

Baada ya msiba huo mlikutana Nairobi, Septemba 2011, mkaafikiana kwamba ukame usigeuke tena kuwa janga, na serikali ya Kenya, kwa ghera iliyo nayo, ikaiwekea ahadi hiyo mwaka maalumu: ifikapo 2022 dharura za ukame ziwe zimekwisha. Mwaka 2022 ulifika kwa wakati wake, kama ilivyo desturi ya miaka. Mvua ndizo ambazo hazikufika, kwani kuanzia mwisho wa 2020 zilikosekana misimu mitano mfululizo, jambo lisiloonekana katika muda wa miaka isiyopungua 40, na mifugo zaidi ya milioni 9 ikafa katika Kenya, Ethiopia na Somalia. Mwezi wa Novemba wa mwaka huo huo, msimu wa tano ukikauka mbele ya macho ya wenyewe, ikatujia bishara kutoka Sharm el-Sheikh kwamba Hispania na Senegal zimeanzisha muungano wa mataifa wa kustahimili ukame, ili nchi zipeane maarifa. Desemba 2024, huko Riyadh, zikaahidiwa dola zaidi ya bilioni 12. Ama mapatano ya namna ya kuzifunga nchi zote kwa pamoja katika suala la ukame, hayo yaliahirishwa hadi mkutano wa Mongolia wa mwaka 2026. Ukame, kwa upande wake, haukuona haja ya kuahirisha chochote.

Kwa idhini yenu, sasa nitaje mkutano mmoja ambao haukutoa azimio lolote, na ambao kwa sababu hiyo, labda, haujapata kuwafikia. Mwaka 1989 wakulima 13 wa wilaya ya Illéla, katika Niger, walipelekwa Yatenga, kaskazini mwa Burkina Faso, wakawatazame wakulima wenzao. Huko waliona watu wakichimba, wakati wa kiangazi, vishimo vingi katika ardhi iliyokauka na kushupaa, wakitia samadi ndani yake; mchwa wakaifuata samadi na kuitoboa ardhi, na mvua ya kwanza iliponyesha maji yakatuama shimoni badala ya kukimbia na udongo, na mbegu ikapata pa kuanzia maisha. Huo ni ufundi wa kale uitwao zaï, uliohuishwa na wakulima wa huko baada ya ukame mkali, na miongoni mwao ni Yacouba Sawadogo, ambaye majirani walimwita mwendawazimu na msitu alioupanda ukatiwa moto, mpaka Umoja wa Mataifa ukamtunukia nishani mwaka 2020, miaka mitatu kabla ya kufariki kwake. Bwana huyo, kuanzia 1984, alikuwa na desturi ya kuwaalika wakulima kijijini kwake Gourga mara mbili kwa mwaka, na kila ajaye aje na mbegu zake, zana zake na maswali yake.

Wale 13 waliporudi kwao walitambua kwamba babu zao nao walikuwa na vishimo vya namna hiyo, walivyoviita tassa, vilivyosahauliwa. Wakavifufua, kwanza katika hekta nne tu. Mwaka uliofuata, 1990, ulikuwa mwaka wa ukame, hekta zilikwisha kufika 70, na aliyechimba alivuna ilhali jirani yake asiyechimba alitazama; na tangu siku hiyo hapakuwa na haja ya semina ya uhamasishaji. Nao huo, Waheshimiwa, ulikuwa mtandao wa kimataifa wa kupeana maarifa, kamili kwa masharti yake yote, ijapokuwa wajumbe hawakuning'inizwa vitambulisho shingoni. Karibu nasi zaidi, Shinyanga, serikali ya kikoloni ilifyeka miti ili kumwangamiza mbung'o. Na kuanzia 1986, wataalamu walipoacha kuwafundisha Wasukuma wakaanza kuwauliza, ngitili zao za jadi, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa ili mifugo ipate kula wakati wa kiangazi, zilirudisha miti na nyasi katika hekta zaidi ya 300,000.

Kuna jambo moja zaidi linalonikera. Mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, mfumo wa kutahadharisha njaa ambao nchi hiyo iliuanzisha mwaka 1985 ulizimika ghafla, ukakaa gizani kwa miezi. Ndipo tulipofahamu kwamba hata habari za njaa yetu tulikuwa tukilishwa.

Basi maombi yangu ni haya, nami nitayataja bila kejeli, maadamu subira yenu imefika hapa. Kwanza, kila ujumbe unaokwenda kuuzungumza ukame uwe na wafugaji na wakulima wasiopungua nusu, na posho yao ilingane na yenu; na zaidi ya hapo, itengwe nauli ya kuwapeleka wakulima wa Kitui kwa wenzao wa Tigray, na wafugaji wa Wajir kwa Waborana wa ng'ambo ya mpaka, wakaone kwa macho na kushika kwa mikono. Pili, utabiri wa msimu usomwe redioni kwa Kisomali, Kiborana, Kiafar, Kiturkana na Kiswahili siku ile ile unapowafikia nyinyi, na jambo hilo liwe faradhi ya serikali, lisiwe hisani ya mradi unaokwisha fedha zake zikwishapo. Tatu, kila hazina iwe na fungu linalofunguka lenyewe kipimo cha ukame kikifika, bila kungoja baraza; na njia hiyo si ngeni, kwani katika Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir kaya nyingi kuliko kawaida zimekuwa zikipewa fedha pale picha za setilaiti zinapoonyesha kwamba malisho yamenyauka. Nne, vituo vyetu vya maarifa na tahadhari vilipiwe na sisi wenyewe, kila nchi kwa kadiri yake, kwa sababu anayelipia taa ndiye mwenye haki ya kuizima.

Sioni katika maombi hayo hata moja linalohitaji ilimu mpya. Ilimu tunayo, ya setilaiti na ya jembe, na wenye kuimiliki wako radhi kuitoa bure; lililopungua ni nauli, lugha na ufunguo wa hazina, na vitu vitatu hivyo viko mikononi mwenu, wala haviko angani. Kabla ya msimu ujao utabiri utatoka, kama ulivyotoka siku zote. Usomeni kwanza, fungueni hazina, kisha ndipo mkutane.

Wenu mtiifu,
Raia mlipa kodi