Muulize Kungwi: Diski Zilizohama Nyumba

Barua za wiki hii zina msiba mmoja. Watu wameshika bisibisi, wakachomoa diski za kuwashia kompyuta mbili, wakazibadilishana, kisha wakaanza kulia. Kungwi anajibu bila kumung'unya maneno.

*Shikamoo Kungwi. Nina kompyuta mbili, zote zinatumia Debian. Nimebadilishana diski zake, na sasa kila moja inadai haina cha kuwashia. Ajabu ni kwamba diski inaonekana kwenye mipangilio! – Mwenye Skrini Nyeusi*

Marahaba, mwanangu. Umemhamisha bibi harusi bila kumwambia mwenye nyumba mpya. Kwenye kompyuta za UEFI, orodha ya mifumo ya kuwasha haikai kwenye diski. Imo katika kumbukumbu ndogo ya mazabodi. Mazabodi yako bado inamngoja yule wa zamani, na huyu aliyeingia haimjui. Ipo njia moja ambayo kila mazabodi huijaribu hata kwa mgeni: faili `EFI/BOOT/BOOTX64.EFI`. Debian kwa kawaida huweka vitu vyake kwenye folda yake ya `EFI/debian`, hivyo mlango huo wa wageni huwa hauna mtu. Washa kwa flashi ya uokoaji, ingia ndani ya mfumo wako kwa `chroot`, uandike `grub-install --removable`. Ambaye hajachomoa kitu aandike amri hiyo leo, mfumo ukiwa bado unawaka. Atajiepushia safari ya flashi.

Ukivuka hapo, Debian huwa haina makuu, kwa sababu initramfs yake hubeba madereva ya mashine za kila aina. Fedora ndiyo ya kuangalia: dracut yake huchagua yanayoifaa mashine iliyopo tu, na ugenini unaweza kukosa dereva la diski yenyewe.

*Kungwi, diski yangu ya FreeBSD ilikuwa ndani ya kompyuta moja. Nimeitia kwenye kasha la USB, nikaichomeka kwenye nyingine. Keneli inatiririsha maandishi vizuri, halafu inakomea `mountroot>` na kunikodolea macho. Imenikataa? – Mpenzi Aliyeachwa Njiani*

Haijakukataa, inakuuliza njia. Faili yako ya `/etc/fstab` inasema mfumo uko `/dev/ada0p2`, jina la diski ya SATA. Diski ileile ikipitia USB huitwa `da0`. Andika alama ya kuuliza, `?`, uone majina yaliyopo, kisha kama unatumia UFS jibu `ufs:/dev/da0p2`. Ukishaingia, achana na majina ya njia na uipe sehemu hiyo jina lake yenyewe: `gpart modify -i 2 -l mzizi da0`. Ndani ya fstab andika `/dev/gpt/mzizi`, na jina hilo litaifuata diski popote. Kisakinishi cha Debian huandika UUID tangu mwanzo, ndiyo maana mwenzako wa barua ya kwanza hakukwama hapa.

Halafu fungua `/etc/rc.conf`. Kama kadi ya mtandao ya zamani ilikuwa `em0` na ya sasa ni `re0`, mstari wa `ifconfig_em0` unamwita mtu asiyeishi humo.

*Tumebadilishana diski za seva mbili za ofisini. Zote zinawaka. Lakini nikiingia kwa SSH, laptopu yangu inapiga kelele kwamba utambulisho wa seva umebadilika na huenda kuna mtu katikati yetu. Nimwamini nani? – Mwenye Wivu*

Laptopu yako haikosei kuwa na wivu. Ruta yenu inagawa anwani za IP kwa kuangalia namba ya kadi ya mtandao, na kadi hiyo imebaki kwenye mazabodi. Funguo za utambulisho zinakaa `/etc/ssh`, nazo zimeondoka na diski. Kwa hiyo anwani ni ya seva ya kwanza, anayeitikia ni wa pili. Huyo mtu wa katikati ni wewe na bisibisi yako! Hata hivyo usipuuze onyo. Nenda mbele ya seva yenyewe, andika `ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`, ulinganishe na alama uliyoonyeshwa. Zikifanana, rudi kwenye laptopu ufute kumbukumbu ya zamani kwa `ssh-keygen -R` na jina la seva.

Majibu ya mkato

*Mwenye Raspberry Pi:* Kadi yako haitawasha kompyuta ya Intel hata uibembeleze. Programu zake ni za ARM.

*Aliyefungiwa Nje:* Diski yako ya LUKS ilikuwa ikifunguliwa na TPM, na chipu hiyo imebaki kwenye mazabodi ya zamani. Tumia neno la siri la akiba. Hukuliweka? Rudisha diski ilikotoka, uliweke, ndipo uhame.

*Mwenye ZFS:* Ukiambiwa hifadhi ilitumiwa na mfumo mwingine, hakikisha hakuna mashine nyingine iliyoishika, kisha andika `zpool import -f` na jina la hifadhi.

Wapendwa, kabla ya kugusa skrubu hata moja, chukueni nakala rudufu na kubandika lebo kwenye kila diski. Barua ya aliyehamisha diski bila nakala haitajibiwa.