Povu Ruksa

Novemba 5, 2023, Yanga walipomfunga Simba 5-1, jirani yangu, mwana Msimbazi damudamu, alimtolea povu refa, akamtolea kipa, akamtolea kocha, akamalizia kwa muuza chipsi aliyesahau kachumbari. Lile lilikuwa povu halali. Hasira imelizidi kosa, mate yanaruka, na humo ndani hakuna nguo inayofuliwa.

Lakini siku hizi kila anayeuliza kitu anatoa povu. Mdai konda chenji yako ya shilingi mia mbili: "Mzee, punguza povu." Mwambie mwenye nyumba bomba halijatoa maji tangu wiki iliyopita: "Mbona povu?" Hata sauti hujapandisha! Simu yangu nayo ina ugonjwa wa kung'ang'ania herufi kubwa, basi nikiandika HABARI ZA ASUBUHI watu wanauliza nani kaniudhi.

Wanaonichefua zaidi ni wale wanaochokoza makusudi, kisha chini wanaandika "povu ruksa". Ruksa! Sisi wa rika langu tunakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 80, povu lenyewe lilikuwa adimu. Sabuni ilipangiwa foleni, na siku ikikosekana kabisa tulifulia majani ya mpapai. Ali Hassan Mwinyi aliingia Ikulu mwaka 1985, akalegeza masharti ya biashara, bidhaa zikarudi madukani na wananchi wakambatiza Mzee Ruksa. Leo kijana aliyezaliwa sabuni zimejaa mpaka kwenye vibanda vya chipsi ananipa mimi ruksa ya povu. Kwa lipi?

Halafu nimegundua neno hili lina faida kubwa kwa wanaoshika hela za wenzao. Kwenye kundi la WhatsApp la harusi ya mpwa wangu niliuliza, kwa adabu zote, ilikuwaje gharama ya ukumbi ikapanda wakati ukumbi ni uleule na wageni ni walewale. Mweka hazina hajajibu, bwana harusi mwenyewe akadakia: "Mjomba, povu la nini tena?" Zikamiminika zile sura za kucheka hadi machozi, mstari mzima. Shangazi yake, ambaye hajui hata kufungua picha, naye akaweka tatu.

Jioni mweka hazina akatuma ujumbe wa sauti, mrefu kama hotuba ya bajeti. Analia kabisa. Amedhalilishwa, usingizi hapati, presha imepanda, anajiuzulu. Nikasubiri mtu aseme povu. Wapi! Pole zikamwagika, mzee wa ukoo akamsihi asituache, kamati ikamuongezea na hela ya vocha kwa usumbufu.

Bei ya ukumbi haijatajwa mpaka leo. Ila mchango wangu umepandishwa.