Vipimo vya urefu, kuanzia mpole hadi mgomvi

Tunahesabu kurudi nyuma, kutoka kipimo chenye amani hadi kile cha kupelekana kwa mjumbe. "Hapo tu mbele" ya bodaboda haimo: ile si kipimo, ni imani.

6. Mita. Wafaransa Delambre na Méchain walipima Dunia kutoka Dunkirk hadi Barcelona ili kupata mita, kazi ya zaidi ya miaka 6, na bado mita ikatoka fupi kwa milimita 0.2. Fundi aliyenitengenezea mlango angesema, "Iko sawa, bosi." Tangu 1983 mita hupimwa kwa mwendo wa mwanga, na mwanga haubishani.

5. Smoot. Mwaka 1958 wanafunzi wa MIT, Marekani, walimlaza mwenzao Oliver Smoot darajani, wakachora alama, wakamsogeza, wakamlaza tena. Daraja la Harvard likatoka Smoot 364.4 na sikio moja. Miaka mingi baadaye bwana huyo akawa rais wa ISO, shirika la kimataifa la viwango. Kulala nako ni kazi!

4. Upana wa reli. Tanzania, reli ya kati ya zamani ni milimita 1,000, TAZARA 1,067, SGR 1,435. Majirani watatu wasioazimana behewa.

3. Mkono. Kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Minne ni pima. Mnunuzi mjanja wa kitambaa aliutazama kwanza mkono wa muuzaji, ndipo akauliza bei.

2. Vipimo vya ujenzi. Nyumba ni hiyo hiyo moja, lakini tofali ni la inchi 6, nondo ya milimita 12, bati la mita 3. Mbao ni mbili kwa nne, ingawa ukiipima utakuta randa imeshakula chake. Kisha ije geji ya bati: 32 ni jembamba kuliko 28. Kuna watu wamelipia namba kubwa wakicheka, mpaka upepo ulipowafunulia hesabu.

1. Hatua. Ekari ni hatua 70 kwa 70, na hatua ikiwa yadi kamili, hesabu inakaribia sana. Shida ni mguu. Muuzaji huja na mpwa wake mfupi, mnunuzi na mcheza kikapu. Kila hatua ikipungua inchi 3 tu, shamba linapungua zaidi ya mita za mraba 600. Hapo pangekaa nyumba na banda la kuku. Kabla ya kutoa hela, nyoosha futikamba: mita 63.6 kila upande. Na mpima ardhi umlipe wewe, si muuzaji.