Gari Lililotulizwa Moyo

Sheria ya Marekani ya mwaka 2000, iliyotungwa baada ya matairi yapasukayo njiani kuangamiza nafsi nyingi, ndiyo iliyozaa amri kwamba, tangu Septemba 2007, kila gari dogo jipya la soko la huko limwashie dereva taa ya manjano pindi upepo wa tairi upunguapo kwa robo ya kadiri yake. Hekima njema, ila kipupwe kiingiapo, na bwana mwenye gari akiisha kufunga magurudumu ya theluji yasiyo na kile kipimo cha upepo kikaacho ndani, taa humkodolea jicho hadi barafu iyeyuke, si kwa kuwa tairi limelegea, bali kwa kuwa gari halisikii salamu za magurudumu liliyoyazoea. Basi wamo mahodari (ubahili nao una wanazuoni wake) waliovitia vipimo vyote vinne katika bomba la plastiki, wakaliziba, wakalijaza upepo, wakalilaza butini. Tangu hapo gari limo raha mustarehe, likiitakidi kuwa linatembea juu ya bomba. Na tairi, maskini, likiishiwa pumzi, halina pa kushitaki.